Siku moja ya Ramadhani ya kiungo mkabaji

Mimi ni kiungo mkabaji. Navaa namba sita katika Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania, na kambi ya timu yetu iko Dar es Salaam, upande wa Tegeta. Siku ninayoisimulia ni Jumatano ya katikati ya Ramadhani, mechi ikiwa Jumamosi. Nimechagua siku ya mazoezi kwa makusudi. Siku ya mechi inaonekana na kila mtu, na bado kazi yangu haionekani, kwa sababu kiungo mkabaji akifanya vizuri, shambulizi la wapinzani linakufa mapema na macho ya uwanja mzima yanabaki kwa straika. Kazi hiyo inatengenezwa siku kama hii.

Saa 10:00 alfajiri

Mwenzangu wa chumba ameamka kabla yangu. Ni beki wa kati, Mkristo, na mwaka huu Kwaresima imeingia karibu pamoja na Ramadhani, kwa hiyo chumba kizima kimefunga, kila mmoja kwa utaratibu wake. Mama mpishi ametuachia hotpoti la wali, maharage, mayai ya kuchemsha na ndizi mbivu.

Saa hizi tumbo halitaki kitu, lakini nakula. Misuli inaendeshwa na wanga, na mbio zangu ni za usiku. Wali huu una safari ndefu mbele yake. Maji nimekuwa nikiyanywa kidogo kidogo tangu nilipofuturu jana, maana ukiyabugia yote adhana ikiwa inakaribia, unayakojoa asubuhi na mchana unakukuta mkavu. Chai ya rangi nimeiacha mwezi mzima kwa ushauri wa daktari wa timu. Achari nayo nimeiacha, na kwa mtu aliyelelewa Tanga hiyo ni sadaka kubwa.

Adhana ni saa 11 na robo. Naswali, narudi kitandani. Usingizi huu wa pili umeandikwa kwenye ratiba ya ukutani sawasawa na mazoezi, na kocha wa viungo anaufuatilia. Katika mwezi huu mchezaji hupungukiwa usingizi kabla hajapungukiwa nguvu, na kiungo aliyekosa usingizi huchelewa kuamua. Katikati ya uwanja ukichelewa kidogo tu, mpira umeshakupita.

Saa 3:00 asubuhi

Mizani kwanza. Uzito ukishuka sana ukilinganisha na jana, ni maji yaliyopotea, na usiku nitapunguziwa mbio. Kisha tunajaza fomu fupi: umelala saa ngapi, paja linauma au haliumi, uko siku zako au hapana.

Swali hilo la mwisho nalieleza wazi kwa sababu wasichana wengi hunitumia ujumbe kuliuliza. Nikiwa kwenye hedhi sifungi, siku hizo nazilipa baada ya Idi, na daktari wetu wa viungo, ambaye ni mwanamke, anajua bila mimi kutangaza mbele ya watu. Naweka chakula changu pembeni, maisha yanaendelea. Katika timu niliyoanzia, benchi zima la ufundi lilikuwa la wanaume. Msichana aliyeumwa tumbo alisema ana malaria, akapewa mazoezi mepesi ya malaria. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na naamini wapo wasichana wanaoishi hivyo hata leo.

Mwaka 2024 FIFA iliingiza afya ya hedhi katika kanuni zake za hadhi na uhamisho wa wachezaji. Tangu Januari 2021 kanuni hizohizo zinampa mchezaji mjamzito likizo isiyopungua wiki 14, angalau nane zikiwa baada ya kujifungua, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara wake wa mkataba. Wadogo zangu, mkiletewa mkataba msiishie kwenye ukurasa wa mshahara. Ulizeni na haya. Kiongozi akishangaa swali lako, umeshajua unakwenda kufanya kazi na nani.

Saa 4:30

Gym, dakika 40, bila vyuma vizito. Leo ni magoti na nyonga: kuruka na kutua kwa mguu mmoja, kushuka taratibu, kusimama bila goti kuingia ndani. Zoezi linachosha kwa namna yake kwa sababu halina sifa. Hakuna anayekupiga picha ukitua vizuri.

Lakini kano ya mbele ya goti, ACL, ndiyo inayokatisha ajira za wanawake wengi kwenye soka. Tafiti zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba hatari yetu ya kukatika kano hiyo ni karibu mara mbili ya wanaume au zaidi, na mara nyingi hutokea bila kuguswa na mtu, unapogeuka au kutua. Kiungo kazi yake ni kugeuka. FIFA ina mpango wa kupasha mwili unaoitwa 11+, una mazoezi 15, unachukua kama dakika 20, na hauhitaji kitu zaidi ya mpira, koni na uwanja. Ewe mwalimu wa michezo unayepeleka wasichana UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, tafadhali utafute na uufanye mara mbili kwa wiki. Haudai bajeti ya halmashauri.

Saa 6:00 mchana

Video. Hapa ndipo siku yangu inapoanza kweli.

Mchambuzi wetu amenikatia vipande vya namba kumi, yaani kiungo mshambuliaji, wa timu tunayokutana nayo Jumamosi. Ni mchezaji mzuri sana. Anashuka katikati ya mabeki wetu na mimi, anapokea akiwa amelipa mgongo goli letu, na akishageuka hakuna wa kumkimbiza. Naangalia vipande mara ya kwanza nikifuata mpira. Mara ya pili namfuata yeye peke yake, hata mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja. Mara ya tatu naangalia shingo yake.

Ndiyo, shingo. Geir Jordet, mtafiti wa Norway, alichambua video zilizowapiga kwa karibu viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza na kuhesabu ni mara ngapi wanageuza kichwa kabla ya kupokea mpira. Frank Lampard, kiungo wa Chelsea wakati huo, alikuwa akiangalia zaidi ya mara moja katika kila sekunde mbili. Xavi wa Barcelona alimpita. Waliokuwa wakiangalia zaidi ndio waliokuwa wakifikisha pasi zao za mbele. Kocha wetu alitusimulia hayo mwanzoni mwa msimu, na toka siku hiyo nimeacha kujiuliza kama nina kipaji. Najiuliza kama nimeangalia.

Namba kumi huyu anaangalia mara moja tu, bega la kulia, halafu karibu kila mara anageukia hukohuko kulia, hata pale ambapo kushoto kwake kuko wazi. Na kabla ya kushuka anasubiri dalili moja: beki wao wa kushoto akiinua kichwa tu, yeye ameshaanza kutembea. Naandika hayo mawili kwenye daftari.

Baada ya hapo tunatazama vipande vyangu. Nimemwomba mchambuzi anitunzie kila mpira niliopoka, kila pasi niliyoiziba kwa kusimama mahali, na kila mara nilipopokea nikiwa nimebanwa na nikatoka. Ninavikusanya kwa sababu ya kazi. Wenzetu waliotutangulia nje na majina yao yakaimbwa mitaani wengi ni washambuliaji: Aisha Masaka aliyekwenda BK Häcken ya Sweden na baadaye Brighton ya Uingereza, Clara Luvanga wa Al Nassr ya Saudi Arabia, Opa Clement. Ninawapenda na ninajivunia kila bao lao. Lakini wakala akikupigia simu anataka video, na video anayoifikiria ni ya mabao. Kiungo mkabaji akimtumia mabao yake ya msimu, wakala atamaliza kuyatazama kabla chai haijapoa. Ni lazima tujifunze kuionyesha kazi yetu jinsi ilivyo.

Na ushahidi upo kwamba inaonekana kwa anayejua kutazama. Mwaka 2021 Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walialikwa kwenye mashindano ya COSAFA, ya nchi za kusini mwa Afrika, yaliyofanyika Afrika Kusini, wakayatwaa kwa kuifunga Malawi 1-0 kwenye fainali. Bao lilikuwa la Enekia Kasonga. Mchezaji bora wa mashindano alikuwa Amina Bilali, kiungo. Mwaka uliofuata, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake kule Morocco, mchezaji bora alikuwa kapteni wa wenyeji, Ghizlane Chebbak, kiungo. Ballon d'Or ya wanawake, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, ilikwenda kwa Alexia Putellas mwaka 2021 na 2022, kisha kwa Aitana Bonmatí 2023, 2024 na 2025. Wote wawili walizipata wakiwa viungo wa Barcelona. Miaka mitano mfululizo dunia imekaa ikiwatazama watu wa katikati ya uwanja, na sisi huku bado tunamuuliza mtoto wa kike, "Umefunga mangapi?"

Saa 7:30 mchana

Adhuhuri, kisha simu ya mama kutoka Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje? Daku ulikula?"

Lazima nimtajie nilichokula kimoja kimoja. Halafu anauliza mechi ni saa ngapi na itaonyeshwa wapi, na bibi anadakia kwa nyuma kutaka kujua kama nitacheza nimefunga. Namwambia hilo nitalijua Ijumaa nikikaa na daktari.

Bibi ndiye aliyekuwa na swali gumu zaidi nilipoanza. Kucheza hakukumsumbua, maana nilikuwa nacheza na watoto wa mtaa mbele ya baraza yake. Alichotaka kujua ni kama huko mbele nitalazimishwa kuvua mtandio. Wakati huo jibu lilikuwa bichi kabisa: IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka, kiliruhusu rasmi vifuniko vya kichwa uwanjani Machi 2014, baada ya miaka ya katazo. Mwalimu wangu wa shule ya msingi, aliyetuandaa kwa UMITASHUMTA, alikuja nyumbani akamweleza bibi hivyohivyo, akanywa kahawa, akaondoka na ruhusa. Mwaka 2023, Nouhaila Benzina wa Morocco alipoingia uwanjani Australia akiwa wa kwanza kuvaa hijabu kwenye Kombe la Dunia la wanawake wakubwa, nilimpigia bibi simu. Alikuwa ameshaambiwa na jirani.

Ligi yetu ilipoanza, msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens walikuwa mabingwa wa kwanza. Nilikuwa bado msichana wa shule, na ile kusikia kwamba kuna ligi, ina ratiba na ina bingwa, ilibadilisha mazungumzo nyumbani. Mchezo ukageuka kuwa njia. Toka hapo ubingwa umekuwa ukizunguka kati ya JKT Queens na Simba Queens. Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2022, wakamaliza wa nne. Serengeti Girls, mwaka huohuo, waliifunga Ufaransa 2-1 kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 huko India na kufika robo fainali. Nilikuwa nimeshavuka umri wa kikosi kile, lakini nilishangilia hadi sauti ikakauka. Julai 2025 Twiga Stars walirudi kwenye fainali za Afrika baada ya miaka 15, wakatoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi. Mama ananiuliza kila wiki kama nitaitwa timu ya taifa. Namjibu, "Inshallah mama." Siongezi neno, kwa sababu viungo wanaogombea nafasi ile ni wengi na wazuri.

Baada ya simu, nalala.

Saa 10:00 alasiri

Hapa hakuna mengi. Nafua soksi, nasafisha njumu, nasoma Qurani kurasa chache. Kichwa kinaanza kuuma kidogo kwa kiu, kama kila siku saa hizi. Kocha amepanga mazoezi magumu ya wiki yawe usiku baada ya futari, na mepesi yawe kabla ya magharibi. Timu nzima, Waislamu na Wakristo, inafuata ratiba moja. Hakuna aliyelalamika mbele yangu, na hilo silichukulii kama jambo dogo.

Saa 12:30 jioni

Tunakaa kwenye mkeka uani kwa mama mpishi, wote, waliofunga na wasiofunga. Tende, maji, kikombe cha uji wa mchele wenye pilipili manga. Magharibi tunaswali hapohapo, halafu tunarudi kwenye sinia.

Ugumu wa futari kwa mchezaji mwenye mazoezi ya usiku ni kujizuia. Mbele yangu kuna muhogo wa nazi, magimbi, samaki wa kukaanga, kaimati zinazong'aa shira, na mwili unadai vyote. Nachukua muhogo vipande viwili na juisi ya ukwaju, basi. Nazi na mafuta yanakaa tumboni muda mrefu, na nikikimbia nayo nitatapika.

"Mwanangu, hujala," anasema mama mpishi, uso umemshuka.

"Niwekee mama, nitakula nikirudi."

Ananiwekea, anafunika na sahani nyingine, anaandika namba sita juu yake kwa kalamu.

Saa 2:45 usiku

Uwanja wa nyasi bandia, taa zimewashwa. Mchana nyasi hizi huchoma miguu hata ndani ya njumu, usiku zinakanyagika. Upepo wa bahari unafika hadi hapa kwa mbali.

Tunapasha mwili, kisha duara: wanane pembeni, wawili katikati wanaotafuta mpira, mguso mmoja tu. Halafu vizibao vinagawiwa, wanane kwa wanane kwenye nusu uwanja, na kelele zinaanza. Kwa asiyezoea zinasikika kama ugomvi. Ni taarifa. "Muda!" maana yake hakuna mtu karibu yako, geuka. "Mtu!" maana yake cheza ulikotoka. Mchezaji aliye mbele ya mpira anaona kisichoonwa na mwenye mpira, kwa hiyo ana deni la kusema. Mimi nasema kuliko wote. Nje ya uwanja ni mtu wa maneno machache, na mama huwa haamini akinisikia kwenye televisheni.

"Kabla ya mpira! Kabla ya mpira!" anapaza sauti kocha kutoka pembeni. Ana maana tuangalie kabla. Mpira unapotoka kwa golikipa kwenda kwa beki, nageuza kichwa kulia, kushoto, tena kulia. Nasimama mwili ukiwa nusu kwa beki, nusu kwa goli la wapinzani, ili mguso wangu wa kwanza uende mbele bila kutafuta. Mabeki wa pembeni wakipanda, nashuka kati ya mabeki wawili wa kati na tunakuwa watatu nyuma. Kapteni wetu, namba nane, akivuka mstari wa kati, mimi nabaki. Akibaki, naweza kwenda. Makubaliano hayo hatuyasemi tena, tunatazamana tu.

Sehemu ya mwisho ni ya Jumamosi. Kocha amemchukua binti wa timu yetu ya vijana, mwenye mguu mwepesi kama wa swala, akamwonyesha video zilezile nilizotazama mchana, na sasa binti anacheza kama namba kumi wao. Tunajaribu njia mbili. Kwanza nambana mgongoni, mkono ukimgusa. Binti ananisikia nilipo, anategemea uzito wangu na kuzunguka nao. Kisha nasimama nusu hatua upande wake wa kulia, simgusi, kushoto namwachia. Anapokea, anataka kulia, ananikuta, anasita. Kusita huko ndiko tunakokutaka: winga wetu ameshafika nyuma yake, mpira ni wetu, na kapteni yuko mbio kwenda mbele.

Tunarudia mpaka beki wa kati anaanza kuniita kabla sijasogea. "Anashuka, dada! Kulia kwako!" Hiyo ni faida kubwa kuliko mpira wenyewe kupokwa, maana sasa tunaliona jambo moja kwa macho mawili tofauti.

Tunakunywa maji kila robo saa. Katika mechi za kiwango cha juu kiungo hukimbia kilomita 10 au zaidi, na sehemu kubwa ya mbio hizo ni kusogea hatua nne huku na tano kule ili pasi isipigwe. Leo miguu imekubali. Siku nyingine za Ramadhani hukataa kabisa, na kocha wa viungo huniona kabla sijasema.

Saa 4:30 usiku

Sahani yenye namba sita inafunguliwa. Samaki, magimbi, kaimati nne. Mama mpishi amekaa hadi saa hizi kuhakikisha.

Naweka barafu kwenye kifundo cha mguu, naoga, naswali Isha na tarawehe chumbani. Msikitini nakwenda usiku usio na mazoezi. Mwenzangu wa chumba anasoma zaburi zake kitandani kwa sauti ya chini, na mimi nikishatoa salamu ya mwisho tunazungumza kidogo kuhusu Jumamosi: yeye akimwona beki wao wa kushoto anainua kichwa, ataniita kwa jina, hatasema "mtu", kwa sababu uwanja mzima utakuwa unasema "mtu".

Nafungua daftari. Chini ya maandishi ya mchana naongeza: nusu hatua kulia, usimguse, kushoto ni kwa winga. Kesho nitamuuliza mchambuzi kama namba kumi huyo amewahi kubadilisha upande kipindi cha pili, maana mchezaji mzuri hivyo akizibwa kulia kwa dakika 45 lazima atatafuta njia nyingine, na nataka kuijua kabla yake.